Tishali la Angani: Istilahi za Ubaharia wa Pwani na Setilaiti Ndogo za Afrika Mashariki

Utangulizi

Lugha haikui kwa kuundiwa maneno mapya tu. Hukua pia kwa kuyapa maneno yake ya kale kazi mpya. Makala hii inaichunguza kauli hiyo katika uwanja ambao wengi huudhania kuwa mbali mno na Kiswahili, yaani uwanja wa vyombo vya shehena visivyo na wanaanga, pamoja na setilaiti ndogo zinazoachiliwa kutoka katika vituo vya anga za juu. Eneo la rejea ni upande wa bara wa Mombasa: Likoni kusini, Kisauni kaskazini na Changamwe magharibi. Sehemu hizi zimekizunguka kisiwa na bandari zake, na maisha ya wakaazi wake yamefungamana na vyombo vya majini kwa karne nyingi.

Hoja inayotetewa ni kwamba msamiati wa ubaharia uliohifadhiwa na wazungumzaji wa eneo hili unaweza kulieleza tukio la angani kwa usahihi, na pengine kwa usahihi zaidi kuliko baadhi ya maneno yanayotumiwa kwa mazoea. Ikiwa hoja hii ina mashiko, basi wanaodai kwamba sayansi haifundishiki kwa Kiswahili watapaswa kulitazama dai lao upya.

Tukio lenyewe

Mnamo mwaka 2016, Chuo Kikuu cha Nairobi kilikuwa cha kwanza kuchaguliwa katika mpango wa KiboCUBE, unaoendeshwa na Ofisi ya Umoja wa Mataifa ya Masuala ya Anga za Juu pamoja na Shirika la Anga la Japani. Mpango huo huzipa taasisi za nchi zinazoendelea nafasi ya kuachilia setilaiti ndogo kutoka Kibo, ambayo ni sehemu ya Japani katika Kituo cha Kimataifa cha Anga. Setilaiti ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliitwa 1KUNS-PF. Umbo lake lilikuwa mchemraba wa takriban sentimita 10 kila upande, na uzito wake ulikaribia ule wa pakiti moja ya unga. Ilitengenezwa kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Sapienza cha Roma.

Tarehe 2 Aprili 2018 setilaiti hiyo iliondoka Florida, Marekani, ikiwa ndani ya chombo cha shehena kiitwacho Dragon kilichobebwa na roketi ya Falcon 9. Tarehe 11 Mei 2018, siku 39 baadaye, iliachiliwa kutoka kituoni pamoja na setilaiti za Kostarika na Uturuki. Ndiyo iliyokuwa setilaiti ya kwanza ya Kenya.

Majirani walifuata njia hiyohiyo. RWASAT-1 ya Rwanda ilipelekwa na chombo cha Japani kiitwacho Kounotori mnamo Septemba 2019 na kuachiliwa Novemba mwaka huo. PearlAfricaSat-1 ya Uganda, iliyoundwa na wahandisi Waganda waliosomea katika Taasisi ya Teknolojia ya Kyushu nchini Japani, iliondoka Virginia tarehe 7 Novemba 2022 ndani ya chombo kiitwacho Cygnus. Katika safari hiyo paneli moja kati ya mbili za kunasa nishati ya jua ilikataa kufunguka. Hata hivyo chombo kilifika salama, na setilaiti ya Uganda ikaachiliwa tarehe 2 Desemba 2022 pamoja na ile ya Zimbabwe.

Shehena na tishali

Ili kulipa tukio hili maneno, ni vyema kuanza na kazi ya chombo chenyewe. Kituo cha Kimataifa cha Anga huizunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 400, kwa mwendo wa karibu kilomita 28,000 kwa saa, na humaliza mzunguko mmoja kwa kama dakika 90. Kituo hakishuki kuchukua chakula, maji wala vipuri, sharti kipelekewe. Kazi hiyo ilianzia katika kituo cha Kisovieti cha Salyut 6, kilichopelekewa mizigo na chombo cha Progress 1 mnamo Januari 1978. Progress haikuwa na mtu ndani; ilijiongoza hadi ikajifunga kituoni. Tangu wakati huo Ulaya, Japani, Marekani na China zimeunda vyombo vya aina hiyo.

Mzee wa Changamwe anayeijua historia ya bandari hatahitaji maelezo marefu kuielewa kazi hii. Kabla ya magati ya kwanza ya kina kirefu kuanza kazi Kilindini mwaka 1926, meli kubwa zilitia nanga katikati ya mkondo. Hazikuweza kuufikia ukingo. Shehena ilishushwa katika matishali, yaani mashua bapa za mizigo, ambayo yaliisafirisha kati ya meli na pwani. Tishali halikuwa chombo cha fahari. Halikuwa na safari yake lenyewe. Lilikuwapo kwa ajili ya chombo kingine kilichosimama mahali pasipofikika.

Hiyo ndiyo sifa bainifu ya Progress, Kounotori, Cygnus na Dragon. Kwa hiyo istilahi tishali la anga inabeba maana tatu kwa mpigo: kwamba chombo hubeba mizigo, kwamba hukihudumia chombo kikubwa zaidi, na kwamba hufanya hivyo mahali ambapo hicho kikubwa hakiwezi kufika ukingoni. Maelezo ya kawaida, "chombo cha mizigo cha angani", yanabeba maana ya kwanza pekee.

Namna ya kufika nayo inahitaji kutofautishwa. Progress hujifunga yenyewe. Cygnus husogea hadi karibu na kituo, husimama, kisha hunaswa na mkono wa mashine na kuvutwa hadi mahali pake. Bandarini tofauti hii inajulikana: boti ndogo hujiendea gatini, ilhali meli kubwa husukumwa na kuvutwa na boti maalumu mpaka ifungwe. Mwanafunzi anaweza basi kusema kwamba Progress hufunga gati na kwamba Cygnus huvutwa gatini, na hatakuwa amepoteza chochote cha kisayansi.

Kurusha na kushua

Hapa ndipo utatuzi wa kiistilahi unapohitajika zaidi. Mara nyingi husemwa kwamba setilaiti "ilirushwa kutoka kituo cha anga". Kauli hii inachanganya matendo mawili. Kilichorushwa ni roketi, na ilirushwa kutoka ardhini tarehe 2 Aprili. Tendo la tarehe 11 Mei lilikuwa jingine kabisa.

Utaratibu wake ni huu. Setilaiti hutiwa katika sanduku lenye springi. Sanduku hupitishwa katika chumba chenye milango miwili, ambacho hutolewa hewa kabla ya mlango wa nje kufunguliwa. Mkono wa mashine hulichukua na kulielekeza nyuma na chini ya kituo, ili setilaiti isije ikakigonga kituo baadaye. Kisha springi huisukuma setilaiti taratibu. Haihitaji kuongezewa mwendo, kwa kuwa tayari inao mwendo wa kituo chenyewe. Baada ya kama nusu saa, ikiwa imekwisha kujitenga, ndipo huruhusiwa kuanza kutuma mawimbi ya redio.

Kiswahili kina kitenzi cha tendo linalofanana na hili: kushua. Kushua chombo ni kukiteremsha kutoka nchi kavu hadi majini ili kianze kuelea. Wanaoshua hawakitupi wala hawakirushi; hukisukuma mpaka maji yakipokee, na kuanzia hapo chombo hubebwa na kile ambacho kiliundiwa. Kusema kwamba 1KUNS-PF ilishuliwa kutoka Kibo ni kusema kwamba ilisukumwa kwa upole na kuachwa katika mwendo uliokuwa tayari kuibeba. Kwa hiyo roketi hurushwa, nayo setilaiti ya kituoni hushuliwa. Lugha inayovitenga vitenzi hivi inamsaidia mwanafunzi kuielewa fizikia kabla hajaonyeshwa hesabu yoyote.

Aidha, picha ya bandari inaeleza sababu ya njia hii kupendwa na vyuo visivyo na fedha nyingi. Mfanyabiashara mdogo hakodi meli nzima kwa ajili ya furushi moja. Hulitia furushi lake katika shehena ya wengine. Setilaiti ya kilo moja nayo husafiri ikiwa imefungwa vyema ndani ya mizigo inayokwenda kituoni kwa vyovyote vile.

Maneno yaliyokwisha kuhama

Huenda msomaji akaona kwamba mapendekezo haya ni ndoto. Ushahidi wa matumizi unaonyesha vinginevyo, kwani uhamaji wa maneno kutoka baharini umekuwa ukitendeka muda mrefu. Neno rubani lilimhusu mwelekezaji wa chombo baharini. Leo wasafiri wanaopanda ndege katika uwanja wa Moi, ulioko upande huohuo wa Changamwe, hulitumia kwa mwendeshaji wa ndege bila kuwazia bahari. Usukani ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa matatu za Kisauni. Chombo, ambacho kwa mtu wa pwani ni jahazi au mashua, kimekuwa jina la jumla la kila kinachosafiri angani. Hakuna aliyelalamika kwamba maneno haya ni ya kale mno. Yalihama kwa sababu yalifaa.

Pingamizi

Pingamizi la kwanza linahusu ulinganifu. Tishali hurudi pwani kuchukua mzigo mwingine, ilhali Progress na Cygnus hujazwa taka na kuachwa ziteketee zinapoingia tena katika angahewa. Pingamizi hili ni la haki. Jibu lake ni kwamba istilahi haidaiwi kulingana na asili yake katika kila jambo. Ndege ya abiria haipigi mbawa, wala jina lake halijamkanganya mtu. Isitoshe Dragon hurudi, ikashuka baharini kwa miavuli ikiwa na mizigo ndani.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Je, kijana wa Likoni avukaye kwa feri kila asubuhi analijua neno tishali? Je, amepata kushuhudia chombo kikishuliwa? Majahazi yamepungua na makontena yamechukua nafasi ya matishali. Neno lisilojulikana kwa mwanafunzi halina nafuu kuliko neno la kigeni. Hata hivyo, pingamizi hili linaelekeza kwenye wajibu badala ya kuufuta. Neno la kigeni litamlazimu mwanafunzi kufundishwa vilevile; lakini neno la pwani akishafundishwa litamfungulia pia historia ya mahali anapoishi. Kinyume chake ni hasara maradufu: sayansi itabaki katika lugha nyingine, na msamiati wa ubaharia utazikwa pamoja na wazee wanaoujua.

Kuhusu majina

Suala la majina linastahili kutajwa. Tarehe 12 Desemba 1970, katika maadhimisho ya uhuru wa Kenya, setilaiti ya Marekani ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco katika bahari ya karibu na Malindi, ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru. Ilikuwa ya kwanza kuundwa mahususi kwa utafiti wa eksirei kutoka angani. Miaka 48 baadaye, setilaiti ya kwanza ya Wakenya wenyewe ilipewa herufi za kifupisho cha Kiingereza. Taifa-1, iliyorushwa moja kwa moja kwa roketi kutoka California tarehe 15 Aprili 2023 bila kupitia kituoni, ilirejesha Kiswahili katika jina.

Kibo nalo linahitaji tahadhari. Mswahili alisikiapo hukumbuka kilele cha Kilimanjaro, ilhali kwa Kijapani maana yake ni tumaini. Mfanano huu ni wa sauti tu, na mwanafunzi wa isimu hana budi kuuepuka mtego wa kuunasibisha na asili moja.

Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba shehena, tishali, kufunga gati na kushua ni maneno yanayoweza kubeba maana za kisayansi bila kupinda. Haipendekezwi kwamba kila istilahi ya anga itolewe baharini. Roketi na setilaiti zimekwisha kukubalika na zina haki ya kubaki. Kinachopendekezwa ni kwamba kabla ya kukopa, mwundaji wa istilahi aulize kwanza Likoni, Kisauni na Changamwe.

1KUNS-PF haiko tena. Kimo cha kituo bado kina hewa nyembamba inayokipunguzia mwendo kila kilichoshuliwa hapo, na mwaka 2020 setilaiti hiyo iliingia katika angahewa na kuteketea. Wahenga wa pwani walisema hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Waliyasema hayo kuhusu jahazi, lakini hakuna neno la kubadilishwa ili yawe kweli ya setilaiti.

Maswali ya mjadala

1. Tofautisha kurusha, kuachilia na kushua kwa kutumia safari ya PearlAfricaSat-1.
2. Kusanya maneno matano ya ubaharia kutoka kwa wazee wa mtaa wako, kisha ueleze yanavyoweza kutumika katika taaluma nyingine.
3. "Istilahi isiyojulikana na vijana ni mzigo, hata ikiwa ya asili." Jadili.