Jini Asiyetisha: Kiswahili na Kufifia kwa Hofu katika Resident Evil 5

1.0 Utangulizi

Michezo ya video ni utanzu wa usimulizi unaostahili kuangaliwa kwa jicho la kihakiki. Ndani yake mna ploti, wahusika, mandhari, migogoro na taharuki, vipengele ambavyo mwanafunzi wa fasihi amezoea kuvichambua katika riwaya na tamthilia. Tofauti iliyopo ni kwamba hadhira ya mchezo wa video haitazami tu. Mchezaji hushika hatamu za mhusika mkuu, akaamua apite mlango upi, apigane au akimbie. Kwa sababu hiyo, hofu inayojengwa na mchezo wa kutisha huwa ni ya mchezaji mwenyewe kabla ya kuwa ya mhusika.

Makala haya yanaichunguza Resident Evil 5, mchezo uliotolewa Machi 2009 na kampuni ya Capcom ya Japani kwa mashine za PlayStation 3 na Xbox 360. Mchezo huo uliuzwa nakala milioni kadhaa na kusifiwa kwa ubora wa picha zake. Hata hivyo, wapenzi wengi wa mfululizo huo walilalamika kwamba kazi hiyo mpya ilikuwa imepoteza kile hasa kilichoupa mfululizo sifa, yaani hofu. Mwanafunzi wa Kiswahili ana sababu ya ziada ya kuushughulikia mchezo huu: maadui wake, wanaoitwa Majini, huzungumza Kiswahili. Dai la makala haya ni kwamba kufifia kwa hofu na matumizi mabaya ya Kiswahili katika mchezo huu ni matokeo ya kosa moja. Watunzi walimpa adui sauti lakini wakamnyima maana.

2.0 Hofu hujengwaje?

Ili kulipima dai hilo, si lazima kuanzia mbali. Ngano za mazimwi, ambazo zimeenea katika jamii nyingi za Afrika Mashariki, zina kanuni zake za kutisha. Kwanza, mhusika anayewindwa huwa mpweke au mnyonge: msichana aliyekataa wachumba wote, au mtoto aliyeachwa nyumbani peke yake. Pili, ufichuzi hucheleweshwa. Zimwi huja katika umbo la kijana mtanashati, likasifiwa na kupewa mke, na hadhira hubaki ikisubiri kwa wasiwasi lini umbo la kweli litajitokeza. Tatu, na hili ndilo muhimu zaidi katika mjadala huu, zimwi huzungumza na likaeleweka. Lina nia, lina hila, tena lina kumbukumbu.

Methali isemayo kwamba zimwi likujualo halikuli likakwisha hutumiwa kuonyesha faida ya kujuana hata na mwovu. Lakini chini ya maana hiyo mna wazo jingine: kwamba zimwi linaweza kumjua mtu. Likiondolewa uwezo huo, zimwi hubaki kuwa mnyama mkali tu. Mnyama mkali huogopwa hadi apatikane mwenye bunduki. Baada ya hapo huwa ni suala la risasi.

3.0 Mfululizo kabla ya 2009

Mchezo wa kwanza wa mfululizo huu ulitolewa mwaka 1996 chini ya uongozi wa Shinji Mikami, na nchini Japani hujulikana kwa jina la Biohazard. Mandhari yake ni jumba kubwa lililojitenga milimani, lenye maiti wanaotembea. Kamera haikumfuata mchezaji. Ilisimamishwa mahali pamoja katika kila chumba, hivi kwamba hatua za adui zilisikika kabla adui mwenyewe hajaonekana. Risasi zilikuwa chache. Hata kuhifadhi hatua iliyofikiwa kulihitaji utepe wa wino wa kutia katika mashine ya taipu, na tepe zenyewe zilikuwa za kuhesabu. Mchezaji alilazimika kuuliza kila mara: je, nipigane au niokoe kidogo nilichonacho? Uhaba ndio uliokuwa fundi wa taharuki.

Mwaka 2005 Mikami aliubadilisha mwelekeo katika Resident Evil 4. Kamera ilihamia nyuma ya bega la mhusika, Leon Kennedy, naye akapelekwa katika kijiji cha mashambani nchini Uhispania kumtafuta binti wa rais wa Marekani. Wanakijiji wamevamiwa na vimelea vinavyotawala akili zao, na wanapomshambulia mgeni huyo hupiga kelele kwa Kihispania. Lafudhi yao imekosolewa kuwa ya Meksiko kuliko ya Uhispania. Hata hivyo, lugha waliyopewa ni lugha ya nchi wanayosemekana kuishi. Risasi ziliongezeka, lakini Leon aliingia kijijini peke yake, na upweke huo ulitosha kuidumisha hofu.

4.0 Udhaifu wa kifani

Resident Evil 5 iliyarithi mabadiliko hayo bila kuurithi upweke. Chris Redfield, mhusika aliyejulikana tangu 1996, anatumwa Afrika kumsaka mfanyabiashara wa silaha za kibayolojia. Pembeni yake yupo Sheva Alomar, askari Mwafrika, ambaye huandamana naye karibu mchezo mzima. Watu wawili wanaweza kucheza pamoja, na hapo woga hugeuka kuwa ushirikiano na maongezi. Anayecheza peke yake humwachia Sheva kuendeshwa na mashine. Kwa vile kifo cha mwenzi humaliza mchezo, na kwa vile mwenzi huyo hutumia ovyo risasi na dawa, mchezaji hujikuta haogopi zimwi. Anaogopa uzembe wa mwenzake. Taharuki imegeuka kero.

Aidha, silaha hununuliwa na kuimarishwa kati ya hatua na hatua. Kadiri kisa kinavyosonga mbele, ndivyo mchezaji anavyozidi kuwa na nguvu na ndivyo mchezo unavyozidi kufanana na filamu ya vita. Hatimaye jahili mkuu, Albert Wesker, huangamizwa kwa maroketi ndani ya volkano. Tukio hilo lina kishindo, lakini kishindo si hofu.

Haki inadai isemwe kwamba mwanzo wa mchezo una ubora wake. Chris anaingia katika mji wenye jua kali. Wenyeji wanamkodolea macho, kisha ghafla barabara zinabaki tupu. Baadaye kidogo umati unakusanyika uwanjani mbele ya msemaji mwenye kipaza sauti, na mtu anauawa hadharani. Hapa hofu inajengeka mchana peupe, bila giza wala jumba bovu, kwa sababu umati huo unaonekana kuwa na jambo unaloliamini. Laiti mchezo ungeendelea kuuliza ni jambo gani hilo! Badala yake, wanachi hao wanageuzwa kuwa shabaha kwa muda wote uliosalia.

5.0 Kiswahili cha Majini

5.1 Majina

Majina ya viumbe kadhaa katika mchezo huu yametolewa katika Kiswahili. La kwanza ni Majini lenyewe. Mchezo hulitumia kwa adui mmoja na kwa umati vilevile, ilhali Kiswahili hutofautisha jini na majini. Tena neno hilo, likitokana na maji na kiambishi cha mahali, humaanisha ndani ya maji; msomaji anayelikuta bila muktadha anaweza kudhani anazungumziwa samaki.

Kosa la sarufi ni dogo likilinganishwa na kosa la maana. Mchezo huwasawiri Majini kama pepo waovu. Katika imani za watu wa pwani, hata hivyo, jini si mwovu kwa asili. Wapo majini wema na wabaya, wa baharini na wa nchi kavu, na katika mafundisho ya Kiislamu wapo walioamini na waliokufuru. Jini ana hiari. Anapodaiwa kumpanda mtu, mganga humuuliza jina lake, atokako na anachotaka, naye hujibu kwa kinywa cha mgonjwa. Hofu ya jini imo katika mazungumzo hayo: kwamba kuna nafsi nyingine inayosema, na huenda masharti yake yakawa mazito. Majini wa Resident Evil 5 hawaulizwi wala hawajibu. Walichukuliwa jina, wakaachwa bila ujini wao.

Kiumbe mwingine, mkubwa na mwenye mabawa, anaitwa Popokarimu. Jina hilo ni nomino ambatani ya popo na karimu, na kwa msikilizaji wa Kiswahili ni popo mwenye ukarimu. Kimelea arukaye anaitwa Kipepeo, mdudu ambaye watoto humkimbilia badala ya kumkimbia. Mwingine ni Bui Kichwa, ambapo neno buibui, lenye uradidi usiokatika, limekatwa nusu. Kwa asiyejua Kiswahili majina haya yana mvumo wa kigeni. Kwa anayekijua, huleta kicheko mahali palipokusudiwa hofu.

5.2 Mahali

Kisa kimewekwa katika eneo la kubuni liitwalo Kijuju, na mchezo wenyewe husema eneo hilo liko Afrika Magharibi. Lugha zinazovuma upande huo wa bara ni Kihausa, Kiyoruba, Kifula, Kiwolofu, Kibambara na nyinginezo. Kiswahili ni lugha ya Afrika Mashariki na sehemu za Afrika ya Kati, na kabla ya mchezo huu kutolewa kilikuwa kimekubaliwa, mwaka 2004, kuwa miongoni mwa lugha rasmi za Umoja wa Afrika. Jina Kijuju nalo linaweza kusomwa kama kiambishi ki- kilichobandikwa juju, neno la hirizi na uchawi linalohusishwa sana na Afrika Magharibi. Mashariki na Magharibi zimeshonwa pamoja, na mshono unaonekana.

Mtunzi ana uhuru wa kubuni nchi. Lakini ubunifu hudai mantiki yake ya ndani. Kijiji cha Uhispania kilipewa Kihispania. Kijiji cha Afrika kilipewa lugha yoyote ya Kiafrika iliyokuwa karibu. Tofauti hiyo inaonyesha ni mahali gani palihesabiwa kuwa nchi na ni mahali gani palihesabiwa kuwa pazia la nyuma tu.

5.3 Sauti

Picha za kwanza za mchezo huu zilipoonyeshwa mwaka 2007, ulizuka mjadala kuhusu taswira ya Mzungu anayefyatulia risasi umati wa Waafrika. Miongoni mwa waliozikosoa alikuwa N'Gai Croal, mwandishi wa jarida la Newsweek. Mjadala huo ulihusu zaidi yanayoonekana. Yanayosikika yanastahili uzito uleule. Makelele ya Majini wakati wa mapigano hayaambatani na tafsiri, kwa kuwa mchezaji hatarajiwi kuelewa. Kiswahili kimepewa kazi ileile ya ngurumo na mlio wa mlango: ni kelele ya kuashiria hatari. Lakini mchezaji wa Nairobi au Mombasa huelewa. Anachokisikia ni amri na matusi ya kawaida ya mtaani, na hapo zimwi hugeuka jirani mwenye hasira. Mbinu iliyotegemea kutoelewa huanguka pale tu inapokutana na mtu anayeelewa.

6.0 Palipo na hofu

Mchezo wenyewe, bila kukusudia, unaithibitisha hoja hii. Katika eneo la vinamasi mchezaji anaweza kuiokota shajara ya kijana wa kijiji. Humo kijana anasimulia jinsi wanakijiji walivyopewa kitu walichoambiwa ni chanjo, na jinsi watu aliowajua walivyoanza kubadilika mmoja baada ya mwingine. Kurasa hizo chache zinatisha kuliko mapigano yanayozifuata. Sababu ni wazi: hapa aliyeathirika ana lugha, ana jamaa na ana la kupoteza. Anageuka polepole, mbele ya macho yake mwenyewe, kama zimwi la nganoni lililogeuzwa kinyume. Ajabu ni kwamba, ili aeleweke, ilibidi kijana huyo aandike katika lugha ya mchezaji. Kiswahili kilibaki kuwa lugha ya kupiga kelele. Kufikiri kuliachiwa lugha nyingine.

Si kweli kwamba michezo ya video haiwezi kukibeba Kiswahili kwa heshima. Mwaka 2005 Christopher Tin alitunga wimbo Baba Yetu kwa ajili ya mchezo Civilization IV, akitumia Sala ya Bwana katika Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ulishinda tuzo ya Grammy, na ukawa wa kwanza uliotungiwa mchezo wa video kufanya hivyo. Wasikilizaji wengi wa Baba Yetu hawajui Kiswahili pia. Tofauti ni kwamba maneno yaliyoimbwa yana maana kamili, na anayeijua lugha huongezewa ladha badala ya kupunguziwa.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba Resident Evil 5 haikushindwa kutisha kwa sababu ya wingi wa risasi na kuwapo kwa mwenzi peke yake. Ilishindwa pia kwa sababu adui wake hana la kusema. Lugha aliyovishwa ilichaguliwa kwa mvumo wake, na lugha iliyochaguliwa kwa mvumo haiwezi kubeba nia, hila wala kumbukumbu, mambo ambayo bila hayo zimwi si zimwi.

Kwa wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili, funzo lina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa uhakiki: kazi za aina hii zinastahili kuingia katika mijadala ya darasani, kwa kuwa huenda zikafikia vijana wengi zaidi kuliko riwaya nyingi. Upande wa pili ni wa utendaji. Tafsiri, uandishi wa miswada na uigizaji wa sauti kwa ajili ya michezo ni kazi zinazohitaji watu wanaojua kwamba jini huulizwa jina lake kwanza. Ngano za mazimwi zipo, na kanuni zake za hofu zimejaribiwa kwa vizazi. Anayetaka kutisha kwa Kiswahili hana budi kuanza kwa kumpa jini wake neno la kusema, na liwe neno ambalo msikilizaji akilielewa, ndipo atakapoogopa zaidi.