Mtoto Aliyeshushwa Mgongoni

Wahenga walisema, "Kulea mimba si kazi, kazi ni kulea mwana." Neno hili ni fupi, lakini mtu akitaka kuujua ukweli wake, na amtazame mama mwenye mtoto mchanga tangu alfajiri hata usiku wa manane. Jogoo hajawika, naye yu macho, kwa kuwa mtoto amelilia maziwa. Akiisha kumnyonyesha, humfunga mgongoni kwa mbeleko, akashika njia ya mtoni kuteka maji. Akirudi huwasha moto na kufagia uwanja, kisha huchukua jembe kwenda shamba, na mtoto yu mgongoni vile vile. Jua likiwa kali humlaza kivulini, naye hupalilia huku sikio lake liko kwa mtoto. Jioni hutwanga, hupika, humwogesha mtoto. Na usiku, wengine wakilala usingizi mzito, yeye huamshwa mara tatu au nne. Kesho yake mambo ni yale yale.

Lakini mama huyo akiulizwa kama amechoka, mara nyingi hucheka. Kwa maana kazi hii ina malipo yake, wala malipo hayo hayakawii. Mtoto akipata majuma 6 hivi, siku moja humtazama mama yake usoni akatabasamu. Akipata yapata miezi 6, huanza kuketi pasipo kushikwa, na jino la kwanza huchomoza. Halafu hutambaa, akatia mchanga kinywani, akawafukuza kuku kwa magoti. Karibu na mwaka mmoja husimama akishika kigoda. Akaachia mikono, akapiga hatua mbili, akaanguka, na nyumba nzima humshangilia kana kwamba amevuka bahari. Taabu na furaha za malezi hazikai katika nyumba mbili mbalimbali; hulala kitanda kimoja.

Basi katika safari hiyo kuna mahali pamoja penye hatari, ambapo watu wengi hupita pasipo kupaona. Ni siku ile mtoto anaposhushwa mgongoni, ili mdogo wake apate kupandishwa.

Katika kijiji kimoja cha Bonde, chini ya milima ya Usambara, palikuwa na mtu na mkewe, nao walikuwa na watoto wanne. Wa kwanza alikuwa binti wa miaka 12, aliyekuwa akisoma shule. Waliomfuata walikuwa wavulana wawili, na wa mwisho alikuwa mtoto mdogo wa kiume aliyependwa na watu wote. Mtoto huyo alikuwa mchangamfu mno. Dada yake aliporudi kutoka shule, alimkimbilia mpaka penye mwembe, akamshika nguo, akidai abebwe. Baba yake alipokohoa, naye alikohoa. Nao kuku wa bibi yake hawakupata raha mchana kutwa.

Alipokuwa na mwaka mmoja na miezi 3, mama yake alijua ya kuwa ana mimba tena. Majirani wakamwambia, "Maziwa yako sasa ni sumu. Mwachishe mtoto leo hii." Mama akaogopa, akajipaka shubiri, mtoto akaonja uchungu akaacha ziwa. Alilia siku tatu mchana na usiku, kisha akazoea.

Tangu siku hiyo mtoto alikula pamoja na ndugu zake katika sinia moja. Chakula chao kilikuwa ugali wa muhogo, ambao watu wa Tanga huuita bada, pamoja na kisamvu, na siku nyingine maharage au dagaa. Lakini mkono wa mtoto mdogo ni mzito. Yeye alipomeza tonge moja, kaka zake walikwisha kumeza matatu. Na alipotaka kufikilia kitoweo, sinia ilikuwa nyeupe, umebaki ugali mtupu. Basi alikula huo. Tumbo lilijaa, lakini mwili ulibaki na njaa.

Miezi michache baadaye mdogo wake alizaliwa. Sasa mbeleko ikawa ya mwingine, na mapaja ya mama yakawa ya mwingine. Mtoto alipolia, aliambiwa, "Nyamaza, wewe umekuwa mkubwa." Naye hata miaka miwili hajatimiza! Siku zikapita, akapunguza kulia. Mwisho akaacha kabisa. Akawa anaketi penye ukuta tangu asubuhi, wala hakuwafukuza kuku tena. Watu wakafurahi, wakasema, "Sasa amekuwa na adabu." Mashavu yake nayo yakawa mviringo, na jirani mmoja akasema, "Tazameni jinsi alivyonenepa!"

Mtu mmoja tu hakufurahi, naye ni dada yake. Yeye aliporudi kutoka shule, hapakuwa na mtu wa kumkimbilia penye mwembe. Jioni moja alikuwa akimnawisha miguu. Akambonyeza kwa kidole gumba juu ya wayo, na alipoondoa kidole akaona shimo limebaki pale pale, kama alama katika udongo wa mfinyanzi. Akamsogeza karibu na taa. Akaona nywele zake zimekuwa chache na laini, nyekundu-nyekundu kama ndevu za mahindi, na ngozi ya miguu imeanza kubanduka.

Akamwendea mama yake, akasema, "Mama, mtoto hakunenepa. Miguu yake imejaa maji."

Mama alikuwa akimnyonyesha mchanga, na chungu kilikuwa kinachemka mekoni. Akajibu kwa sauti ya kuchoka, "Mwanangu, mikono yangu ni miwili tu."

Bibi yake akasema, "Huo ni wivu, mjukuu wangu. Mtoto akimwonea wivu mdogo wake huwa hivyo. Utaisha."

Binti akamjibu kwa heshima, "Huenda ni wivu, Bibi. Lakini wivu haujazi miguu maji. Tafadhali twende tukaulize."

Baba, aliyekuwa kimya muda wote, akaondoka akamtazama mtoto, akambonyeza mguu yeye mwenyewe, naye akaliona shimo. Kulipopambazuka alimpakia mama na watoto wake wawili wadogo katika gari la kwanza kwenda hospitali.

Mwuguzi aliwapokea vizuri. Alipokwisha kumpima mtoto akauliza, "Mama, mtoto huyu anakula nini?"

Mama akainama, machozi yakamtoka. "Anakula tunachokula sote," akasema. "Sikumnyima kitu."

Mwuguzi akamwambia, "Najua hukumnyima, mama, wala sikuuliza nipate kukulaumu. Nimeuliza ili tupate kumponya."

Maradhi ya mtoto huyo huitwa kwashakoo. Jina hili halikutungwa na madaktari wa Ulaya; asili yake ni Afrika Magharibi. Katika mwaka 1929 daktari mmoja mwanamke, Cicely Williams, mzaliwa wa Jamaica, alikwenda kufanya kazi katika nchi ya Gold Coast, ambayo tangu mwaka 1957 huitwa Ghana. Huko aliwaona watoto wengi wa umri wa mwaka mmoja hata minne, wamevimba miguu, nywele zimebadilika rangi, nao hawachezi wala hawataki kula. Wengi wao walikufa. Madaktari wengine walidhani ni maradhi mengine waliyokwisha kuyajua, lakini yeye hakukubali. Aliwasikiliza wenyeji. Watu wa kabila la Ga, wakaao Accra na pande zake, walikuwa na jina lao, na maana yake ni maradhi ya mtoto aliyeondolewa mahali pake mdogo wake anapozaliwa. Katika mwaka 1933 daktari huyo aliandika habari za maradhi hayo, na katika mwaka 1935 aliandika tena akilitumia jina lile lile la Kiga. Tangu hapo limeandikwa katika vitabu vya udaktari vya dunia nzima.

Jina hilo lina mafundisho ndani yake. Akina mama wale hawakuwa na darubini wala mizani, lakini walikwisha kuona jambo kubwa: mtoto mmoja anapopandishwa, yuko mwingine anayeshushwa, na huyo wa pili ndiye wa kuangaliwa sana. Bibi yake yule mtoto wa Bonde naye hakukosa yote. Alijua ya kuwa ugonjwa umefuatana na kuzaliwa kwa mdogo. Alichokosa ni kujua sababu.

Sababu yenyewe ni hii. Mtoto wa mwaka mmoja na miwili anakua kwa haraka, naye anahitaji chakula cha kuujenga mwili. Tumbo lake ni dogo. Likijazwa ugali mtupu au uji mwepesi wa maji, hakuna nafasi ya kitu kingine. Maziwa ya mama yalikuwa yakimpa mengi ambayo muhogo hauna. Yakiondolewa ghafula, na mahali pake pasitiwe kitu chema, mwili hudhoofika; kisha homa au kuhara kukija juu yake, mtoto huanguka kama nyumba iliyoliwa na mchwa. Wala si kweli kwamba mimba hugeuza maziwa kuwa sumu. Mama mwenye afya anayekula vizuri huweza mara nyingi kuendelea kunyonyesha. Shirika la Afya Duniani hufundisha ya kuwa mtoto apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6 ya kwanza, asipewe hata maji. Kisha apewe vyakula vingine pamoja na maziwa hayo mpaka atimize miaka 2 au zaidi.

Mtoto yule alilazwa. Hakushindiliwa chakula kingi, kwa kuwa mwili uliodhoofika hauwezi kukipokea. Alipewa maziwa yaliyotengenezwa kwa dawa yake, kidogo kidogo kila baada ya saa chache, usiku na mchana. Akafunikwa asipate baridi, akapewa dawa za maradhi yaliyomwingia. Baada ya siku kadhaa uvimbe ukapungua, na mama aliogopa sana alipomwona, kwa maana mbavu zote zilihesabika. "Amekonda!" akalia. Mwuguzi akasema, "Hapana, mama. Huu ndio mwili wake. Kwanza ulikuwa umefichwa na maji."

Jumamosi moja dada yake alikuja kumtazama. Alisimama mlangoni, akamwita kwa sauti ya chini. Mtoto akageuza kichwa polepole, akamwangalia kitambo, kisha akatabasamu. Mama akaangalia, akanyamaza, akajifunika uso kwa kanga. Mwuguzi akasema, "Sasa anapona. Mtoto wa maradhi haya akianza kutabasamu, amekwisha kugeuka njia."

Waliporudi nyumbani, mambo kadha wa kadha yalibadilika, ingawa mali ya nyumba haikuongezeka. Mtoto alipewa bakuli lake mwenyewe, na mtu wa kuketi naye mpaka amalize. Uji wake ulipikwa mzito, ukatiwa karanga zilizotwangwa. Maharage yakapondwa, dagaa wakasagwa, mchicha ukakatwa vipande vidogo na kutiwa mafuta kidogo. Alilishwa mara nne au tano kwa siku, si mara mbili kama watu wazima. Baba, ambaye zamani aliuza mayai yote sokoni, sasa aliacha mengine yaliwe nyumbani. Tena alfajiri alichukua ndoo kwenda mtoni mwenyewe, wala hakujali waliomcheka. Na jioni, mama alipomnyonyesha mchanga, alimwita na yule mwingine aje aketi, amwegemee. Akaona ya kuwa mapaja ya mama, wakibanana kidogo, yanawatosha wawili.

Majuma yakapita. Siku moja binti alikuwa akirudi kutoka shule na vitabu vyake kichwani. Alipofika karibu na mwembe akasikia kelele uwanjani: kuku wanaruka huku na huku, na bibi yake anakemea, "Wewe mtoto, utawaua kuku wangu!" Kisha bibi akaketi juu ya kigoda, akafuta machozi kwa upindo wa kanga, akamwacha aendelee.

Mtoto aliaye bado anaomba, na mtoto anyamazaye si kila mara ameshiba. Katika nyumba yenye kazi nyingi, wakubwa huweza kukosa nafasi ya kuona. Basi heri nyumba yenye ndugu anayetazama.

MASWALI

1. Taja mambo matatu yaliyomfurahisha mama, na matatu yaliyomtaabisha, katika kumlea mtoto mchanga.
2. Kwa nini mtoto hakushiba mwili, naye alikula pamoja na ndugu zake kila siku?
3. Majirani walisema mtoto amepata adabu na amenenepa. Walikosea wapi?
4. Binti aliona dalili gani nne kabla ya kwenda hospitali?
5. Jina "kwashakoo" lilitoka kwa watu gani, na maana yake nini?
6. Je, nyumbani kwenu yuko mtoto aliyeshushwa mgongoni karibuni? Eleza jinsi wewe unavyoweza kumsaidia.