Nilivyoigawa Riwaya Juzuu Sita Nikaimaliza

Siku ya hitima ya marehemu baba mkwe wangu, chumba cha ndani kilijaa wanawake mpaka kizingitini. Wifi yangu alipita na mkoba wa juzuu, akampa kila mtu yake. Binti yangu, mwenye miaka 11, aliangukiwa na ya 12. Saa haikutimia, msahafu mzima ulikuwa umekwisha kusomwa: watu 30, juzuu 30, kurasa 20 hivi kwa kila mmoja. Sinia za mikate zilipoanza kupita, binti yangu akanivuta mtandio.

"Mama, juzuu yangu imekwisha na Nabii Yusuf bado yumo gerezani."

Kweli. Surat Yusuf ina aya 111, na juzuu ya 12 inaishia kwenye aya ya 52. Mfalme ameshatuma mtu wa kumtoa, Yusuf amekataa kutoka mpaka asafishwe jina, mke wa bwana wake ameungama, na hapo karatasi inakwisha. Kisa hicho mwanangu amefundishwa chuoni tangu mdogo, mwisho wake anaujua. Hata hivyo hakutulia. Aliinuka akapita baina ya magoti ya watu akiuliza nani kasoma ya 13, mpaka akaipata kwa bibi mmoja jirani. Akakaa pale pale miguuni pake, akaendelea.

Mimi nikakumbuka kitabu changu kilicholala chumbani.

Ni *Peponi*, riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa hapa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza, ikatoka 1994. Ida Hadjivayanis akaitia katika Kiswahili, na Mkuki na Nyota wakaichapa 2022. Niliinunua kwa pesa ya upatu, nikaianza mara tatu, na mara zote tatu nikakwama ukurasa wa 40. Nina watoto watatu, asubuhi nasomesha skuli, alasiri nashona nguo za watu. Kitabu kiko chumbani, mimi niko jikoni. Nikikibeba, kinagombea mkoba na madaftari ya kusahihisha, na madaftari ndiyo hushinda.

Yale ya kawaida mnayajua: simu ikae mbali, watoto walale mapema, kurasa nne za msahafu baada ya kila sala na kwa siku umemaliza juzuu. Sina la kuongeza hapo. Langu ni moja. Dakika za mama zipo, ila zimekatikakatika. Basi kitabu nacho kikatwe, kilingane nazo.

Hatua ni nne. Ya kwanza, tazama mgongo wa kitabu. Kama kurasa zimeshonwa kwa uzi, uzi ndio wa kufunguliwa. Kama zimeshikwa na gundi tu, soma huku chini. Ya pili ni kupata fundi, na hapa ndipo nilipoumia.

Nilianza na duka moja la steshenari mjini. Kijana aliyekuwepo hakukitazama kitabu mara mbili. Alikitia kwenye mashine ya kukatia karatasi, akashusha kisu, akatoboa matundu na kupitisha zile pete za plastiki. Nilipofungua nyumbani, moyo uliniruka. Kurasa za kulia kila mstari umepoteza herufi ya mwanzo, za kushoto umepoteza ya mwisho, na matundu yamepita juu ya maneno. Nikarudi siku ile ile.

"Mama, si wewe uliyesema kikatwe?" ndilo jibu nililopata. Fedha nimesamehe, jibu lile bado linanikaa kooni. Tangu siku hiyo, kabla sijamkabidhi mtu kitabu changu, namuuliza kitabu gani alikisoma mwisho. Asiye na jibu nampa karatasi za mtihani anitolee kopi, basi.

Ilinibidi nisubiri zamu yangu ya upatu irudi ndipo nikanunua nakala ya pili. Safari hii nilielekezwa kwa mzee mmoja Mji Mkongwe anayejalidi misahafu ya misikiti.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Kitabu kipya hiki, kina ugonjwa gani?"

Nikamweleza habari ya hitima, ya Yusuf aliyeachwa gerezani, na ya kile kisu. Alisikiliza mpaka mwisho huku akiupima mgongo wa kitabu kwa kidole gumba. Kisha akasema, "Kisu hakina kazi hapa. Tutatia pasi."

Someni sehemu hii taratibu, maana ndiyo niliyoilipia vitabu viwili. Alikunja kipande cha kanga kuukuu mara mbili, akakilaza juu ya mgongo, akapitisha pasi yenye moto wa kadiri, kwenda na kurudi, bila kukandamiza. Gundi hii ya viwandani hupakwa ikiwa imeyeyuka kwa joto, na kwa joto hulainika tena. Baada ya muda jalada likabanduka lote, zima. Nilikwisha kuweka alama, kwa sababu riwaya yenyewe ina sehemu sita. Kwenye kila alama alizitenga kurasa kwa mikono miwili, gundi ikiwa bado vuguvugu, akivuta polepole kama anayechambua makuti. Ikianza kukaza anarudisha pasi. Hakuna karatasi hata moja iliyochanika.

Halafu akachukua fungu la kwanza, akaligongagonga mezani kurasa zilingane. Akalibana kwa mbao mbili, mgongo juu. Akazipinda kurasa upande mmoja, zikaachana kidogo mithili ya kipepeo cha kukunja kinachofunuliwa, akapaka gundi nyeupe ya maseremala kwa brashi. Akazipinda upande wa pili, akapaka tena. Kwa njia hiyo kila karatasi inamshika jirani yake mbele na nyuma. Hakutoboa wala hakushona, kwa kuwa nafasi ya ndani ilikuwa finyu na uzi ungezuia kurasa kulala. Wachapaji wa vitabu vya Kiswahili, nawaomba kwa dhati: tuachieni nafasi pana upande wa ndani. Kitabu kinachokataa kufunguka hakisomeki kwa mtu mwenye mtoto mapajani.

Mwisho akavisha ukanda wa kitambaa mgongoni, jalada la manila juu yake, akayalaza mafungu yote sita chini ya jiwe. "Usiyaguse mpaka kesho adhuhuri." Tangu hapo nimevifanyia hivyo vitabu vinne kwa mkono wangu, nyumbani, na vyote vimekaa.

Msahafu, hapana, siuwekei pasi. Juzuu zake zinauzwa tayari. Chagua zilizoshonwa kwa uzi. Zile zenye pini mbili za chuma, hewa yetu ya chumvi huzitia kutu, na kutu hula karatasi na kuchafua maneno matukufu.

Hatua ya tatu ni kuzitawanya juzuu. Moja niliweka jikoni ndani ya kopo la biskuti, moja mkobani, moja kwenye droo ya cherehani. Ya jikoni ndiyo iliyonifungua macho. Riwaya inamhusu mtoto wa miaka 12, Yusuf, anayechukuliwa na mfanyabiashara ili kufidia deni la baba yake. Mfanyabiashara anaitwa Aziz. Nilikuwa nimesimama karibu na jiko nikisubiri wali ukauke, nikakumbuka kwamba aliyemnunua Nabii Yusuf kule Misri ndiye ambaye Qur'ani inamwita Al-Aziz. Wali ulishika ukoko. Usiku ule, mimi na binti yangu tuliteremsha kutoka rafuni tafsiri ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy ya mwaka 1969, tukaanza aya ya 53, pale juzuu ya 13 inapoanzia.

"Na Yusuf wa kitabu chako, naye anatoka?"

"Sijafika huko, mwanangu."

Miaka mingi nilikuwa naona haya kusoma kidogo kidogo, kana kwamba ni dalili ya uvivu. Qur'ani yenyewe iliteremshwa kwa miaka 23. Makafiri waliuliza kwa nini isishuke yote mara moja, na katika Surat Al-Furqan, aya ya 32, wakajibiwa kuwa ni ili moyo wa Mtume uimarishwe. Hata moyo wangu wa mama mchovu ulipata nguvu hivyo hivyo, kurasa tano leo, kurasa nane kesho. Riwaya niliyoshindwa mara tatu niliimaliza kwa majuma saba.

Hatua ya nne nilidhani ni kuziunganisha tena, lakini juzuu hazijarudi. Ya kwanza na ya pili ziko kwa mwalimu mwenzangu. Jana usiku jirani alibisha hodi: ameimaliza ya tatu, anataka ya nne sasa hivi, na ya nne iko Pemba kwa wifi yangu. Nimempigia simu. Ameahidi kuileta kwa boti ya Jumamosi, na ameniomba niwe nimesimama bandarini na ya tano mkononi.