Mdogo wangu, sarafu tatu zinakutosha

Haya, wewe unayeuza mikoba ya ukindu hapo Dar, swali lako nimelipata na nalijibu hapa ili na wenzako wafaidike. Umesema wateja wa Nairobi wanaingia kwenye duka lako la mtandaoni, wanatazama, wanaondoka. Wa Muscat wao wanakufuata WhatsApp kukuuliza, "Hii riali ngapi?" Sasa unataka kuweka sarafu kumi na mbili kwa mpigo, na fundi wa tovuti amekuhakikishia ni kazi ya dakika tano. Fundi hadanganyi. Kuziweka ni dakika tano kweli, ila yeye hatakuwepo pesa zikianza kuingia pungufu.

Kabla ya sarafu yoyote mpya, tazama ulivyoandika bei zako. Umeandika "Sh 45,000". Mkenya akiona hivyo anazisoma shilingi za kwao, na kwa shilingi za kwao huo ni mshahara wa mtu. Lazima afunge ukurasa! Andika TSh au TZS, basi. Na ukija kuweka dola, andika USD waziwazi, maana una wateja Toronto, na wao alama ya $ wanaisoma dola ya Canada.

Sasa tuingie penyewe. Kuna sarafu anayoiona mteja, na kuna sarafu anayokatwa. Plagini nyingi za bure, yaani programu za nyongeza, zinafanya hilo la kwanza tu: mteja anaona bei kwa shilingi ya Kenya, anafurahi, anajaza kikapu, akifika ukurasa wa kulipia anakuta shilingi ya Tanzania. Kadi yake inakatwa kwa kiwango cha benki yake, pamoja na ada ya kubadilisha fedha, na kiasi kinachotoka si kile alichokiona. Atakuona tapeli. WooCommerce, programu ya kuendeshea duka la mtandaoni, bila nyongeza inajua sarafu moja tu ya duka. Shopify nayo uwezo wake mwingi wa sarafu umeegemea mfumo wake wa malipo, Shopify Payments, ambao haujafika Tanzania wala Kenya. PayPal haina shilingi yetu wala ya Kenya kwenye orodha ya sarafu zake. Kwa hiyo usianze na plagini. Anza na kampuni inayokupokelea malipo, uiulize maswali mawili: mnaweza kumkata mteja kwa sarafu zipi, na mimi mtaniingizia kwa sarafu ipi, kwa kiwango cha nani? Wasipokubali kumkata mteja kwa sarafu fulani, hiyo usiiweke dukani hata kwa mapambo.

Kwako wewe naona tatu: shilingi ya Tanzania, shilingi ya Kenya na dola ya Marekani. Riali ya Oman tuiache kwanza, nami nina sababu. Riali imefungwa kwenye dola kwa kiwango kilekile tangu 1986, moja ni karibu dola 2.60, haipandi wala haishuki. Dirham ya Emarati vilevile, dola moja ni karibu 3.67. Ukimwekea mteja wa Muscat bei ya dola anajua papo hapo ni riali ngapi. Isitoshe riali ina baisa 1,000, si senti 100, na hapo mitambo hujikwaa. Mifumo mingi ya malipo hupokea kiasi kwa sehemu ndogo kabisa ya sarafu. Riali 4.750 inatakiwa kutumwa kama baisa 4,750. Programu iliyozoea senti mia itatuma 475, na mteja atakatwa sehemu moja ya kumi ya bei. Shilingi ya Uganda na faranga ya Rwanda zina kisa chao kinyume, kwa sababu hazihesabiwi senti kabisa. Siku ukizifikia, hilo ndilo la kwanza kumuuliza fundi.

Kwenye kiwango cha kubadilishia ndiko faida yako inakovujia, na watu huko hawaangalii kabisa. Chukua shilingi ya Kenya. Mwanzoni mwa 2023 ilikuwa inabadilishwa kwa karibu shilingi 19 za kwetu. Mwisho wa mwaka huohuo, karibu 16. Aliyeandika mkoba KSh 2,500 mwezi wa kwanza akasahau, alianza kwa kupata TSh 47,500 na akamaliza mwaka akipata TSh 40,000, kwa mkoba uleule, ukindu uleule, na nauli ya mzigo iliyopanda. Kisha 2024, ndani ya miezi michache tu, dola Kenya ikashuka kutoka karibu shilingi 160 hadi karibu 130. Huwezi kukaa na bei ya mkono kwa sarafu kama hiyo.

Lakini kubadilisha kwa mtambo kila saa nako sikupendi. Bei inakuwa KSh 2,317.46, leo hivi kesho vile, mteja aliyeiona asubuhi anarudi jioni anakuta nyingine. Acha mtambo uvute kiwango mara moja kwa wiki, uongeze asilimia tatu au nne juu yake, kisha ukamilishe kwa kupandisha hadi hamsini au mia iliyo karibu. Hiyo nyongeza si uroho. Kiwango unachokiona kwenye tovuti ya Benki Kuu sicho utakachopewa na benki yako au na kampuni ya malipo. Wao wana chao, na tofauti hiyo lazima mtu ailipe. Kwa dola, weka bei kwa mkono. Mkoba wa TSh 45,000, tuseme dola ni shilingi 2,600, unatoka dola 17.31. Andika 18, uipitie kila baada ya miezi mitatu.

Na sheria. Machi 2025 serikali ya Tanzania ilitoa kanuni zinazokataza bidhaa na huduma za ndani ya nchi kutangaziwa bei au kulipiwa kwa fedha za kigeni. Misamaha ipo, michache, na duka la mikoba silioni humo. Kwa hiyo mteja aliyeko Tanzania aone shilingi tu, hata kama ni mtalii yuko hotelini Zanzibar. Mwambie fundi akifunge kile kitufe cha kuchagua sarafu kwa anwani zote za hapa nchini, na kwa mauzo ya nje muulize mhasibu wako namna ya kuandika risiti.

Kuna jambo dogo ambalo litakusumbua usipoambiwa. Tovuti yako huhifadhi nakala za kurasa ili zifunguke haraka. Mtu wa Nairobi akitangulia kufungua ukurasa, nakala yenye bei za Kenya inaweza kupewa na wa Mwanza anayefuata. Kama duka lako liko kwenye WooCommerce, kuna mpangilio wa kutambua eneo la mteja unaokubaliana na hizo nakala. Uwashwe huo, si ule wa kawaida.

Kuponi nazo. Ulisema "punguzo la 5,000". Hakikisha plagini inaibadilisha, la sivyo mtu wa Nairobi atapata punguzo la KSh 5,000 kwenye mkoba wa KSh 2,500. Ile "usafiri bure ukinunua zaidi ya 150,000" ina balaa hilohilo kinyume chake.

Mteja akirudisha mkoba, mrudishie kwa sarafu aliyolipa na kiasi kilekile alicholipa. Kiwango kikiwa kimehama, hasara au faida ni yako. Iandike peke yake kwenye daftari, usiichanganye na mauzo.

Ukimaliza, usitangaze. Mtafute ndugu Nairobi na mwingine Muscat, kila mmoja anunue kitu cha bei ndogo kabisa, kwa simu, si kwa kompyuta, na akutumie picha ya alichokiona na ujumbe wa makato kutoka benki. Subiri pesa ziingie akaunti yako. Kisha niandikie uniambie zimeingia ngapi.