Mapendo Huutia Utii Nguvu

Alfajiri, katika njia ziingiazo Ruashi kutoka porini, huonekana watu wakisukuma baiskeli zilizopakiwa magunia ya makala. Tuseme wawili wamepakia sawasawa. Wa kwanza asukuma mali ya mwingine; kila kilima akihesabu, kila kilima akinung'unika. Wa pili ni baba ambaye mtoto wake amerudishwa nyumbani kwa kukosa karo ya shule. Naye pia jasho lamtoka na mabega yamwuma. Lakini moyoni asema, "Mwanangu atarudi shuleni." Mzigo ni ule ule, kilima ni kile kile, mioyo ndiyo iliyotofautiana.

Ndivyo ilivyo na amri za Mungu. Mkatekumeni asikiapo kwamba yampasa kuitakasa Dominika, kutogusa mali ya mtu, kutokwenda kwa mpiga ramli, na kumsamehe adui, aweza kuziona amri hizo kama magunia mgongoni. Akizishika kwa kuogopa adhabu tu, au kwa sababu majirani wamtazama, atachoka upesi. Mtumwa hutii akionwa. Mwana ampendaye baba yake hutii hata gizani. Ndiyo maana Mtume Yohane, katika waraka wake wa kwanza, afundisha kwamba amri za Mungu haziwalemei watoto wake.

Nchi ya Kongo imepata shahidi wa neno hilo, naye ni Mwenye Heri Isidori Bakanja. Alikuwa mwashi huko Mbandaka, mji ulioitwa Coquilhatville wakati ule, akabatizwa tarehe 6 Mei 1906. Kisha alifanya kazi katika shamba kubwa huko Ikili. Alipenda kusali Rozari na kuwafundisha wenzake sala. Msimamizi mmoja Mzungu, aliyeichukia dini, alimwamuru avue skapulari ya Bikira Maria. Bakanja akakataa. Mwaka 1909 alipigwa kwa mjeledi wenye misumari, hata mgongo wake ukawa kidonda kitupu. Aliteseka miezi mingi. Hata hivyo aliwaambia mapadre waliomtembelea kwamba amemsamehe aliyempiga, na kwamba atamwombea mbinguni. Akafariki mwezi wa Agosti 1909. Papa Yohane Paulo II alimtangaza Mwenye Heri tarehe 24 Aprili 1994.

Angalieni vema: Bakanja alikuwa Mkristu wa miaka mitatu tu. Mapendo hayakumwondolea maumivu. Vidonda viliuma kweli. Bali yalimpa nguvu ya kutimiza amri iliyo nzito kupita zote, yaani kumpenda adui. Wala nguvu hiyo hakuipata kwa ghafula siku ya mateso. Aliyezungumza na Mungu kila siku hakuweza kumkana siku moja.

Pengine mkatekumeni atasema, "Moyo wangu ni baridi, sisikii mapendo hayo." Asikate tamaa, wala asingoje moyo upate joto ndipo atii. Mapendo si kusikia utamu moyoni tu. Ni kutaka analotaka Mungu. Baba yule wa makala hakungoja uchovu uishe ndipo asukume. Basi mkatekumeni asali, atii leo katika jambo dogo: arudishe chenji iliyozidi, amsalimu jirani waliyegombana. Kesho jambo hilo litakuwa jepesi kidogo, kwa kuwa utii hulisha mapendo, kama kuni zilishavyo moto.

MASWALI

1. Kwa nini atiiye kwa hofu tu huchoka upesi?
Kwa sababu macho ya watu yakiondoka, nguvu yake nayo yaondoka.

2. Je, mapendo huondoa uzito wa amri?
Hayaondoi kila mara maumivu, lakini humpa mtu nguvu na furaha ya kuzishika.

3. Afanye nini mwenye moyo baridi?
Asali, na aanze na amri iliyo mbele yake leo.

SALA

Ee Baba, utupe kukupenda, ili tukutii kama watoto, si kama watumwa. Amina.