Tununue, Tushikilie au Tuuze? Somo la Hisa Zetu 735

Tulikuwa sita, wote wa kozi moja, mwaka wa pili. Boom lilipoingia tukachanga 50,000 kila mtu, ikawa 300,000. Tukaenda kwa dalali wa hisa, tukafungua akaunti kwa jina la mwenzetu mmoja (kosa la kwanza hilo, hatukuandikiana hata karatasi), tukanunua hisa 735 za kampuni moja iliyoorodheshwa Soko la Hisa la Dar es Salaam. Bei ilikuwa 400. Hisa peke yake zilikula 294,000, na kama 6,000 hivi zikaenda kwenye ada za dalali na soko. Jina la kampuni silitaji, maana kilichotokea kilikuwa cha kwetu sisi, si chao.

Miezi minane baadaye bei ilikuwa 310. Majina ya TP yakatoka, na mwenzetu mmoja akapangiwa Tunduru. Nauli, godoro, kodi ya chumba ya mwezi wa kwanza, yote mkononi hana. Akaja kwenye kikundi akasema neno moja tu: "Naombeni hamsini yangu."

Tukakaa kikao chini ya mwembe nyuma ya kafeteria. Hapo ndipo nilipojifunza habari ya hisa kuliko siku zote nilizosoma vipeperushi, kwa hiyo nakuletea kikao chenyewe, pamoja na niliyoyasoma baada yake. Kama una hisa, au umeshapakua Hisa Kiganjani kwenye simu na unajiuliza ubonyeze nini, huenda yakakufaa.

Swali la kwanza lilikuwa: hamsini yake ipo? Tukapiga hesabu. Hisa 735 mara 310 ni 227,850. Ukiuza, ada tena, tuseme asilimia 2, zinabaki kama 223,000. Gawanya kwa sita: 37,000 na ushee. Ndiyo pesa yake. Yeye akasema hapana, mimi nilitoa hamsini. Wengine wakasema tumvumilishe, bei itarudi. Na mmoja akatoa ule msemo unaoujua: "Hujauza, hujapata hasara."

Msemo huu naomba tuukalie kidogo, kwa sababu umewafunga watu wengi. Unasema hasara inazaliwa siku ya kuuza. Sasa chukua gunia la mahindi ulilonunua 100,000, leo sokoni ni 70,000. Ukiliacha stoo, je, lina thamani ya laki? Mkeo akiumwa usiku, hospitali watakukubalia laki? Gunia ni la elfu sabini, ulifungue usilifungue. Kuuza kunakuonyesha tu kile ambacho tayari kimeshatokea. Hisa zetu zilikuwa za 310 siku ile, na soko halikuwa na habari kwamba sisi tulitoa 400.

Nikawauliza wenzangu swali ambalo sikulitunga mimi, linazunguka sana kwa watu wa masoko: tuseme leo hatuna hisa yoyote, tuna 223,000 taslimu mezani. Nani angeshauri tununue hisa hizi kwa 310?

Kimya. Hakunyoosha mtu mkono, mimi mwenyewe pia sikunyoosha.

Nikauliza tena: nani anataka tuziuze? Mikono miwili, wangu na wa yule wa Tunduru. Wanne waliobaki walitaka tushikilie. Yaani watu wanne walioona hisa hii haifai kununuliwa leo walitaka waendelee kuwa nayo. Ukiitazama vizuri, kushikilia ni kuinunua tena kila asubuhi, tofauti ni kwamba hulipi ada.

Kwa nini tunafanya hivi? Sisi wa elimu tumesoma saikolojia mpaka basi, ila tunaifikiria ya mwanafunzi wa kidato cha pili, si yetu. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliandika mwaka 1979 kwamba maumivu ya kupoteza huwa makali kuliko raha ya kupata kiasi hichohicho. Na Terrance Odean, Mmarekani, mwaka 1998 alichapisha utafiti wa akaunti 10,000 za wawekezaji wa kawaida wa huko kwao. Aliwakuta wanauza haraka hisa zilizopanda na kung'ang'ania zilizoshuka. Kibaya zaidi, zile walizouza ziliendelea kufanya vizuri, kwa wastani, kuliko zile walizong'ang'ania. Walikuwa wanang'oa mahindi na kupalilia magugu. Kwa hiyo sisi sita chini ya mwembe hatukuwa wajinga wa peke yetu, tulikuwa wengi duniani.

Lakini usiondoke hapa ukidhani fundisho ni "ikishuka uza". Hapana kabisa. Tuangalie benki ya CRDB, ambayo wengi mnapitishia boom humo. Mwaka 2009 iliuza hisa zake kwa umma kwa 150. Mwaka 2015 ikauza nyingine kwa wanahisa wake kwa 350. Baada ya hapo mambo yakageuka. Mikopo mingi ikawa hailipiki, na faida ambayo mwaka 2015 ilikuwa karibu bilioni 129 ikaporomoka hadi kama bilioni 36 mwaka 2017. Bei ikashuka mpaka chini ya ile 150 ya mwanzo kabisa. Mtu aliyetoa 350 alikuwa anaangalia zaidi ya nusu ya pesa yake ikiwa imeyeyuka.

Sasa fikiria wanahisa wawili mwaka 2019, wote walinunua kwa 350, wote wameshikilia. Wa kwanza ukimuuliza kwa nini hauzi anasema, "Nasubiri irudi 350." Wa pili anasema, "Uongozi umebadilika mwishoni mwa 2018, mikopo mibovu inapungua, na kila robo mwaka benki inachapisha hesabu zake gazetini, nazifuatilia, faida inapanda." Na kweli ilipanda: karibu bilioni 120 mwaka 2019, bilioni 268 mwaka 2021. Gawio likatoka shilingi 17 kwa mwaka 2019, likawa 36 kwa 2021, 50 kwa 2023, na 65 kwa 2024. Bei yenyewe ilivuka tena 350 baada ya kama miaka saba hivi tangu 2015.

Wote wawili walipona. Ila wa kwanza alipona kwa bahati. Na cha kuchekesha, huyo wa kwanza ndiye aliyeuza mara tu bei ilipogusa 350, akashusha pumzi, akasema amerudisha pesa yake. Yaliyofuata hakuyaona. Simzungumzii mtu fulani hapa, ila ukikaa na wanahisa wa siku nyingi utamkuta tu.

Ukitaka kuona upande wa pili wa shilingi, vuka Namanga. Mwaka 2008 serikali ya Kenya iliuza robo ya Safaricom, hisa bilioni 10, kwa shilingi 5 ya Kenya. Watu zaidi ya laki nane waliomba. Wengine walikopa benki ili waombe nyingi, na kwa vile maombi yalizidi mno wakapewa sehemu ndogo tu ya walizoomba, huku riba ya mkopo inahesabika kwa mkopo wote. Siku za kwanza sokoni bei ilivuka 7. Kufika mapema 2009 ilikuwa chini ya 3. Waliokopa wengi wakauza, hawakuwa na namna. Kampuni haikuwa imekufa, M-Pesa ilikuwa ndiyo kwanza inaanza kukimbia. Mwaka 2021 hisa hiyohiyo ilipita 40. Halafu, kabla hujasema "unaona, shikilia tu", kufika mwishoni mwa 2023 ilikuwa chini ya 15. Mtu aliyeingia kwa 40 akisikia hadithi za wale wa 2008 naye alikuwa anashikilia hisa ileile, ya kampuni ileile, yenye faida. Kilichotofautiana ni bei aliyoingilia ikilinganishwa na kile ambacho kampuni ingeweza kuzalisha.

Hapo kwenye bei na uzalishaji ndipo penye hesabu yenyewe, na ni ya darasa la saba. Chukua lile gawio la 65. Kwa aliyenunua 150 mwaka 2009 linaonekana tamu ajabu, zaidi ya asilimia 43 kwa mwaka. Wewe unayeingia sasa huli hiyo asilimia. Tuseme unanunua kwa 1,000: gawio ni asilimia 6.5, toa kodi ya zuio asilimia 5 ya gawio, mkononi inabaki 61.75 kwa kila hisa. Hati fungani za serikali za muda mrefu zimekuwa zikitoa zaidi ya asilimia 10. Kwa hiyo ukinunua hisa hiyo kwa bei hiyo, lazima uwe na sababu ya kuamini gawio litakua au bei itapanda. Sababu inaweza kuwepo. Lakini iwe sababu, isiwe "watu wanapata". Na huyo wa 2009 naye, akitaka kuamua kuuza au kushikilia leo, asidanganywe na ile asilimia 43. Hisa zake zina thamani ya 1,000 kama zako, na swali lake ni lilelile la chini ya mwembe.

Kuna sababu nyingine ya kununua ambayo sisi walimu watarajiwa tujihadhari nayo: undugu. Benki ya Mwalimu ilipouza hisa mwaka 2015 kwa shilingi 500, mauzo yalivuka lengo, na walimu wengi walinunua kwa sababu ilikuwa benki yao. Baadaye bei ikashuka chini ya 500. Sisemi walikosea kuisaidia benki yao kuzaliwa, mimi ningeweza kufanya hivyohivyo. Nasema ukinunua kwa moyo, jiandikie kwamba umenunua kwa moyo, usije baadaye ukaidai ikulipe kama uliyonunua kwa hesabu.

Mwezi wa kuuza nao una ujanja wake. Soko letu ni dogo. Kuna kampuni ambazo siku nzima inapita bila hisa hata moja kuuzwa. Ubaoni unaona 310, ila 310 hiyo ni ya aliyeuza mara ya mwisho, inaweza kuwa ya wiki iliyopita. Ukienda kuuza ukiwa na haraka, unayempata anakupa 295. Pesa ya nauli ya mwezi ujao haina kazi kwenye hisa, hata hisa iwe nzuri namna gani. Mwenzetu wa Tunduru hakukosea kuchagua kampuni zaidi yetu sisi. Alikosea kuweka humo pesa iliyokuwa na tarehe. Sisi watano tulikuwa na nafasi ya kubishana, yeye basi la asubuhi lilikuwa linamsubiri.

Turudi kwenye kikao. Walewale wanne waliosema bei itarudi niliwaambia: kama mnaamini itarudi, mnunulieni fungu lake kwa 50,000, si mtapata faida? Wakacheka, wakakataa. Nikawaambia, basi ninyi wenyewe mnajua ni 37,000. Mmoja akanijibu kwa hasira kwamba nimegeuza urafiki kuwa duka. Sikuwa na jibu zuri, na mpaka leo sina. Mwishowe tulichanga: fungu lake tukalinunua kwa 37,000, na 13,000 iliyobaki tukampa kama mchango wa safari, tukiitaja hivyo wazi, mchango. Alipokea. Hakufurahi sana, ila alipanda basi.

Sisi tuliobaki tukapiga hesabu nyingine. Kurudisha 300,000 tuliyotoa, baada ya ada za kuuza, bei ilibidi ifike karibu 417. Kutoka 310 ni kupanda zaidi ya theluthi moja. Tukamuuliza kila mmoja ataje jambo moja kwenye biashara ya kampuni ile litakaloifikisha huko. Wawili walikuwa wamesoma hesabu za robo mwaka usiku uliotangulia (nadhani kwa ajili ya kunishinda), wakaja na hoja: kiwanda kipya kimemalizika, deni linapungua. Zilikuwa hoja kweli. Ziliniyumbisha.

Hatukuuza zote. Tuliuza 400, tukabakiza 335, na safari hii tukafungua daftari la kaunta. Ukurasa wa kwanza umeandikwa sababu za kubakiza, mbili, pamoja na mstari mmoja wa masharti: deni likiongezeka kwa robo mbili mfululizo, tunauza, bei iwe imefika wapi. Bei ya 400 hatukuiandika popote. Kuna mtu aliiandika kwa penseli pembeni, tukaifuta.

Hesabu za robo ya tatu zinatoka mwezi ujao. Yule wa Tunduru ametuma ujumbe anauliza bei ni ngapi sasa, eti anataka kujua tu.