Jua, Ngozi na Mkimbiaji: Kuchagua na Kutumia Mafuta ya Kukinga Jua

Katika shule nyingi za Tanzania siku huanza kwa mchakamchaka. Wanafunzi hukimbia kabla ya jua kupanda, na ngozi zao hazipati dhara. Lakini mazoezi ya riadha na mashindano baina ya shule aghalabu hufanyika jua likiwa kali. Kwa mwanafunzi mwenye ngozi nyeusi, saa moja ya mbio mchana huleta kiu na uchovu. Kwa mwanafunzi mwenye ualbino aliyesimama kwenye mstari uleule wa kuanzia, saa hiyohiyo huunguza ngozi. Na kuungua kwa mara nyingi huweza kuzaa saratani.

Hukadiriwa kuwa nchini Tanzania mtu 1 katika kila watu 1,400 hivi ana ualbino. Kwa hiyo mwalimu wa michezo hana budi kujua namna ya kumkinga mkimbiaji wa aina hii. Kumkataza asikimbie si kinga. Kumpa chupa ya mafuta na kumwachia jua la saa sita si kinga pia.

Mionzi isiyoonekana

Mionzi ya jua inayodhuru ngozi haionekani kwa macho. Huitwa mionzi ya urujuanimno, na urefu wa mawimbi yake ni mfupi kuliko ule wa nuru ya zambarau. Wanasayansi huigawa katika mafungu matatu. UVC, ya nanometa 100 hadi 280, humezwa yote na hewa ya juu. UVB, ya nanometa 280 hadi 315, humezwa kwa sehemu kubwa na tabaka la ozoni, lakini kiasi kinachofika ardhini ndicho hasa kinachounguza ngozi. UVA, ya nanometa 315 hadi 400, hufika kwa wingi na kupenya ndani zaidi.

Mionzi hiyo inapogonga seli za ngozi huharibu DNA, yaani maandiko ya urithi yanayoiongoza seli. Seli hurekebisha sehemu kubwa ya uharibifu huo. Makosa yasiyorekebishwa hujilimbikiza mwaka baada ya mwaka, mpaka seli fulani ianze kugawanyika bila mpango. Huo ndio mwanzo wa saratani.

Kinga ya asili ni melanini, rangi inayotengenezwa na ngozi yenyewe. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1979 nchini Marekani ulipima tabaka la nje la ngozi na kuona kwamba kwa watu weusi ni takriban asilimia 7 tu ya UVB iliyopenya, hali kwa watu weupe zilipenya asilimia 24 hivi. Mtu mwenye ualbino ana melanini kidogo mno, au hana kabisa, naye huishi chini ya jua la ikweta. Ndiyo sababu dalili za madhara ya jua huonekana katika ngozi yake tangu utotoni.

Jaribio: kivuli kama kipimo

Jua linapokuwa chini, mionzi hupita njia ndefu zaidi katika ozoni na UVB nyingi humezwa. Linapokuwa juu, njia ni fupi. Kivuli huonyesha jambo hili bila chombo chochote cha gharama.

Mwalimu apande fimbo iliyonyooka, yenye urefu wa mita 1 juu ya ardhi, katika uwanja tambarare. Wanafunzi wapime kivuli kila baada ya nusu saa na kuandika matokeo. Kivuli kikiwa na urefu sawa na fimbo, jua limefika nyuzi 45. Kikiwa kifupi zaidi, mionzi ni mikali. Kikifika maradufu ya fimbo, jua liko karibu nyuzi 27, na UVB imekwisha kupungua sana.

Mjini Moshi jua la adhuhuri hupita utosini katikati ya Machi na tena mwanzoni mwa Oktoba. Siku hizo hupanda nyuzi 15 kila saa. Kwa hiyo hufika nyuzi 45 saa tatu baada ya kuchomoza, na kivuli hubaki kifupi kuliko fimbo tangu yapata saa 3:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri. Mwezi wa Juni muda huo hupungua kwa saa 1 hivi.

Mawingu mepesi yasimdanganye mtu, kwa kuwa hupitisha sehemu kubwa ya mionzi. Mwinuko nao huongeza ukali: kila mita 1,000 za kupanda huongeza urujuanimno kwa asilimia 10 hivi. Baridi ya milimani huondoa joto, lakini haiondoi mionzi.

Maana ya namba

Juu ya chupa ya mafuta ya kukinga jua huandikwa herufi SPF na namba. Namba hiyo huonyesha ni sehemu gani ya mionzi iunguzayo hupita: SPF 15 hupitisha sehemu 1 kati ya 15, SPF 30 sehemu 1 kati ya 30, na SPF 50 sehemu 1 kati ya 50. Yaani huzuia takriban asilimia 93, 97 na 98. Mtu anayedhani kwamba SPF 60 hukinga mara mbili ya SPF 30 hajafanya hesabu.

Namba hiyo hupatikana katika maabara, ambako hupakwa miligramu 2 za mafuta kwa kila sentimita ya mraba ya ngozi. Watu wengi hupaka nusu au robo ya kiasi hicho. Tabaka likipungua nusu, kinga nayo hupungua nusu au zaidi. Isitoshe, katika kipimo hicho mtu hapaki mafuta kisha akakimbia kilomita 10 huku akijifuta jasho kwa mkono wa fulana.

Hesabu ya mkimbiaji

Tuseme mwanafunzi ana ngozi yenye eneo la sentimita za mraba 16,000. Akivaa bukta na fulana isiyo na mikono, karibu asilimia 45 ya ngozi, yaani sentimita za mraba 7,200, hubaki wazi. Kwa miligramu 2 kila moja, anahitaji miligramu 14,400, au gramu 14.4 kwa mpako mmoja. Chupa ya gramu 50 haitoshi mipako minne.

Sasa avae shati jepesi la mikono mirefu, suruali ya michezo, na kofia yenye ukingo mpana unaofunika masikio na shingo. Zikibaki wazi uso, shingo na viganja, ambavyo ni karibu asilimia 9, mpako mmoja utahitaji gramu 2.9 tu. Chupa ileile itatoa mipako 17.

Hesabu hii ndiyo kiini cha somo. Nguo iliyofumwa kwa kubana haichuruziki kwa jasho, haiishi kila baada ya saa mbili, na hainunuliwi kila juma. Kwanza ichaguliwe saa ya kukimbia, pili nguo, na tatu mafuta kwa sehemu zilizobaki. Familia isiyo na fedha nyingi ikifuata utaratibu huu, mafuta machache hutosha na hupakwa kwa kiasi kinachostahili.

Kuchagua mafuta

Mkimbiaji mwenye ualbino achague SPF 30 au zaidi, yenye maandishi yanayoonyesha kwamba hukinga UVA pamoja na UVB. Yawe yasiyoondoka upesi kwa maji na jasho. Mafuta yenye oksidi ya zinki au dayoksidi ya titani hunyonya na kutawanya mionzi, na aghalabu hayachomi macho kama mengine yanapotiririka na jasho. Tarehe ya mwisho isomwe, na chupa isiachwe juani, kwani joto huharibu dawa.

Mafuta ya nazi na mafuta mazito ya kulainisha ngozi si badala yake. Hulainisha, lakini hukinga kidogo sana. Mafuta ya kujichubua ni hatari zaidi: hupunguza melanini, ambayo ndiyo kinga yenyewe.

Mjini Moshi, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi katika hospitali ya KCMC kilianza katika miaka ya 2010 kutengeneza mafuta ya kukinga jua kwa ajili ya watu wenye ualbino na kuwagawia bila malipo. Faida ya mafuta yanayopakwa kila siku imethibitishwa. Huko Nambour, Australia, utafiti ulioanza mwaka 1992 ulihusisha watu wazima 1,621. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1999 yalionyesha kwamba saratani ya seli bapa za ngozi ilipungua kwa asilimia 40 hivi kati ya waliotakiwa kupaka kila siku. Aina hiyohiyo ya saratani ndiyo inayowapata zaidi watu wenye ualbino nchini Tanzania.

Kutumia mafuta

Mafuta yapakwe juu ya ngozi kavu dakika 15 hadi 30 kabla ya kutoka. Masikio, kisogo, midomo na migongo ya viganja visisahauliwe. Yapakwe tena kila baada ya saa mbili, na mapema zaidi jasho likiwa jingi. Jasho lifutwe kwa kugusisha kitambaa taratibu bila kusugua.

Mbio ndefu zina hila yake. Kilimanjaro Marathon, iliyoanzishwa mwaka 2003, hukimbiwa Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi na huanza asubuhi mapema. Mkimbiaji wa kawaida anayehitaji saa nne au tano kwa kilomita 42 huondoka kivuli kikiwa kirefu, akamaliza kikiwa kifupi. Huyo hana budi kuchukua mafuta njiani.

Wajibu wa shule

Shule inaweza kupanga mashindano yaanze asubuhi mapema au yapata saa 10:45 jioni, na kuweka kivuli mahali pa kungojea zamu. Mara nyingi mwanafunzi huungua akingojea kuliko akikimbia. Kazi za kufyeka nyasi mchana zifikiriwe kwa kipimo hichohicho. Sare ya michezo ya mikono mirefu iruhusiwe bila mzaha wala adhabu. Mwalimu akiona kidonda kisichopona kwa majuma manne, ampeleke mwanafunzi hospitali bila kungoja, kwa sababu saratani ya ngozi ikiwahiwa hutibika.

Maswali ya mazoezi

1. SPF 20 huzuia asilimia ngapi ya mionzi iunguzayo?
2. Fimbo ya mita 1 ina kivuli cha sentimita 60. Je, mwanafunzi mwenye ualbino aanze mazoezi uwanjani wakati huo? Eleza sababu.
3. Mwanafunzi ana ngozi ya sentimita za mraba 15,000, na asilimia 10 iko wazi. Anahitaji gramu ngapi kwa mpako mmoja? Chupa ya gramu 100 itatoa mipako mingapi?
4. Chora ramani ya uwanja wa shule yako na uonyeshe vivuli vya saa 4 asubuhi. Wachezaji wangojee wapi?